Wasifu wa Mzee Umebaki Kwenye Kompyuta

Baba mkwe wangu, mzee Theodory, alifariki Jumatano asubuhi, na kabla hatujamaliza kuwapigia simu ndugu, mume wangu Melkiadi alikuwa ameshawasha kompyuta. Usimcheke. Maisha yote ya mzee yalikuwa humo.

Mimi ni Scola, Mama Vailet, wa Nakwa hapa Babati. Mume wangu ni mkulima wa mahindi na mbaazi, lakini watu wanamjua zaidi kwa kuandika wasifu wa marehemu. Huku kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Lazima mmoja asimame mbele ya watu asome marehemu alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alifanya kazi gani, alijaliwa watoto wangapi. Mtaani kwetu wafiwa humfuata Baba Vailet. Kompyuta alipewa na binti yetu Vailet, ofisi yao ya Dodoma ilipobadilisha mashine. Ilifika ikiwa imeshazeeka, ile ya boksi kubwa na kioo chenye kisogo. Kuandika anaandika kwa kidole kimoja, anatafuta herufi kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele.

Mwaka jana mzee mwenyewe alimwita. "Hao wengine unawaandika wakishakufa, unaulizauliza kwa majirani. Mimi niandike nikiwa nasikia."

Wakakaa wiki tatu, kila siku baada ya chai ya jioni. Mzee anasema kwa Kiiraqw, Melkiadi anageuza kwa Kiswahili huku anasaka herufi. Baada ya miezi miwili mzee akapatwa na kiharusi, na hakusema neno tena mpaka alipofariki. Kwa hiyo hayo maneno hayakuwa na pengine pa kupatikana.

Utaniuliza, kwa nini hamkuyachapa? Nilimwuliza hivyohivyo. Weee! Alinitolea macho. Kuchapa wasifu wa mtu anayepumua si ni kumchimbia kaburi? Hata nakala ya pembeni hakutaka, ndugu wangesikia wangesema tunamharakisha mzee. Na mimi, kusema kweli, niliogopa pia.

Basi, Jumatano hiyo ikawashwa. Kuamka tu inachukua dakika nane, inanguruma kama mashine ya kusaga. Ilipofika dakika ya kumi, pap! Giza. Akawasha tena. Pap! Safari ya tatu haikufika hata dakika tano.

"Umeme mdogo," akasema.

"Mbona taa inawaka vizuri?"

"Taa na kompyuta siyo kitu kimoja, Mama Vailet."

Akahamisha waya kwenye soketi ya chumbani. Ikazima. Akatoa kipanya, akakirudisha. Ikazima. Akaipumzisha nusu saa, ikakaa dakika kumi na mbili, tukaanza kushangilia, ikazima. Sasa hapo unaelewa nini? Kitu ni kibovu, lakini ukikiacha kilale kinapona kidogo, halafu kinaugua tena. Nikampigia Vailet, akaniuliza inaandika nini kabla ya kuzima. Haiandiki kitu! Inakufa tu! Nikamkaripia mtoto aliyekuwa anamlilia babu yake, na hadi leo nasikia aibu.

Alhamisi asubuhi Melkiadi akamleta Xaveria, dada mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi.

"Shikamoo mama. Poleni na msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa. Mgonjwa wetu huyo hapo."

Akasimama mbele ya kompyuta akaiangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Mama, hii nguo umeifuma wewe?"

Nikajibu kwa fahari. Nyumbani kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, makochi yana vitambaa mpaka kwenye mikono. Kompyuta ndiyo niliifumia gauni kamili, jeupe lenye maua ya njano, limefunika boksi mbele, nyuma na ubavuni, nikaacha tundu la kitufe tu. Vumbi la Nakwa unalijua?

Xaveria akalivua taratibu. Nyuma ya boksi palikuwa na matundu, na ndani ya matundu kuna feni, na ile feni ilikuwa imejaa nyuzi na vumbi kama blanketi.

"Ilikuwa inakosa hewa, mama. Ikipata joto inajizima yenyewe isiungue."

"Kwa hiyo ni mimi?"

Akaendelea kuchungulia feni. Melkiadi naye akajifanya anaangalia ukutani. Jamani! Miaka mitatu naivalisha na kuivua, nalifua gauni kila Jumamosi, kumbe naikaba koo. Nilitamani nicheke, nikakuta machozi yananitoka.

Akaomba pampu ya baiskeli, akapuliza vumbi tukapiga chafya wote. Ikawashwa, ikakaa. Dakika ishirini, thelathini. Melkiadi akabonyeza, na wasifu ukafunguka tukauona kwa macho yetu: THEODORY, kwa herufi kubwa, na maneno chini yake. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

"Hii mashine imeshaumia," Xaveria akasema. "Msiiamini hata kidogo. Baba, chukua hii flashi, hamishia kila kitu sasa hivi, kisha niletee dukani nichape. Mimi nimeacha wateja mlangoni."

Akaondoka. Hapo ndipo tulipoharibu.

Vailet alipokuja Krismasi alimpangia baba yake vijipicha kwenye kioo, kila marehemu na chake, ili asihangaike kutafuta. Melkiadi akavikokota vyote mpaka kwenye flashi. Ilimaliza kabla sijafumba jicho.

"Umeona? Wasifu wa watu arobaini na mmoja kwa sekunde moja!"

"Mbona upesi hivyo?"

"Imeshapata hewa," akasema. Na mimi nikaridhika!

Tukapanda bajaji mpaka stendi. Xaveria akachomeka flashi, akabonyeza jina la mzee. Kikatokea kidirisha kidogo cha kusema hakuna. Akabonyeza la mwingine. Hakuna. Akabonyeza matano.

"Baba, hizi siyo faili. Hizi ni njia za mkato, zinaelekeza tu faili liliko kwenye mashine yenu."

"Lakini nikizibonyeza nyumbani, zinafunguka."

"Nyumbani ndiko faili liliko."

Melkiadi akauliza tena. Akaelezwa tena. Nikamwona anaitikia kwa kichwa huku macho hayaelewi. Mimi nilielewa hivi: mtu ametumwa alete ng'ombe, ameleta kibao cha kuonyesha njia ya mnadani. Majina arobaini na moja, na nyuma ya kila jina hakuna kitu. Sasa kama hakuna kitu, kwa nini jina liandikwe? Hilo sijapata wa kunijibu.

Tukarudi mbio, safari hii na Xaveria. Tukawasha. Badala ya kunguruma ikaanza tik, tik, tik. Kioo cheusi. Xaveria akafungua boksi, akatoa kidude cha chuma ukubwa wa daftari dogo, akaenda nacho dukani. Jioni akapiga simu. Hicho kidude ndiyo diski, ndimo kila kitu kinakaa, na inagonga, haisomeki. Yuko mtu Arusha anayejaribu kufufua vitu hivyo, labda wiki, labda mbili, na hakuna ahadi.

Mazishi yalikuwa Jumamosi.

Ijumaa asubuhi turubai limesimama, ndugu wameshajaa kutoka Mbulu na Singe, kila mmoja anauliza, "Wasifu uko tayari?" Melkiadi anajibu uko tayari. Nikamvuta chumbani alikokaa mama mkwe, bibi Leonia, kwenye godoro chini, shuka limefunika kichwa. Hakuwa amesema kitu tangu Jumatano. Nikampa Melkiadi daftari.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Alichosema mzee. Si ulikuwepo wiki tatu?"

Akashika kalamu, akaangalia karatasi, akaiweka kalamu chini. "Sikumbuki, Mama Vailet. Nilikuwa natafuta herufi. Sikumbuki hata kimoja."

Mtoto wa kwanza wa mzee huyo! Yaani nilishindwa nimpige au nimkumbatie. Ndipo nikagundua kwamba mimi nakumbuka. Hizo wiki tatu nilikuwa mlangoni napukuchua mbaazi, mikono ina kazi, masikio hayana kazi. Nikachukua kalamu mwenyewe. Alizaliwa mwaka wa njaa, kule Mbulu, nyumba ya juu ya kijito. Alibatizwa ukubwani, akiwa na ndevu. Alishuka Babati na ndama wawili na mke mmoja. Nilisema kwa sauti na kuandika, na Melkiadi akawa anasema, "Ndiyo! Ndiyo, alisema hivyo!" kama mtu anayeamshwa. Nilipokosea jina la kijito akanirekebisha. Tukafika kwa watoto.

"Alijaliwa watoto kumi," nikasema. "Saba wako hai, watatu wametangulia." Nikawataja wote, wazima na wafu, kama mzee alivyowataja kwa vidole.

"Kumi na mmoja."

Tukageuka. Bibi Leonia alikuwa ameondoa shuka kichwani.

"Mama, mzee alisema kumi," Melkiadi akamwambia polepole. "Nina hakika na hilo. Hata kwenye kompyuta ni kumi."

"Mzee alikuwa Basotu, kwenye mashamba ya ngano," akasema. Kiswahili chake ni cha kuhesabu maneno. "Mtoto akaja, akaenda. Yeye akarudi, hakukuta mtoto. Hakumwona. Hakumhesabu. Mimi nilimwona."

Melkiadi ana miaka hamsini na nane. Alikuwa anasikia habari hii kwa mara ya kwanza, na mimi vilevile. Nilifikiria wiki tatu zile, bibi akiwa jikoni hatua sita kutoka tulipokuwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwita amuulize lolote. Tulikuwa tumekimbizana siku mbili na feni na flashi kwa ajili ya karatasi ambayo mtoto wake hayumo.

"Alikuwa na jina, mama?" nikamwuliza.

"Damasi. Bibi yake alimbatiza kwa maji ya kibuyu."

Nikafuta kumi, nikaandika kumi na mmoja. Nikafuta watatu, nikaandika wanne.

"Aliishi muda gani?"

Bibi Leonia akasogea kwenye godoro mpaka akaiona karatasi, ingawa kusoma hajui.

"Siku nne," akasema. "Ziandike zote."