Pua ya Bibi Maganda

Jumapili, tarehe 16 Juni 2019, saa saba mchana, watu watano waliketi kula nyumbani kwa Bibi Maganda: yeye mwenyewe, mumewe aliye mwashi mstaafu, mwana wao aliye dereva wa lori, mkamwana wao mwenye mimba ya miezi mitano, na mdogo wa mumewe aliye kinyozi, mtu asiye na mke wala haya mbele ya chakula.

Jina la Maganda alibandikwa na majirani, naye akalivaa kama nguo ya sikukuu. Tangu daktari ampige marufuku mumewe kula nyama, jikoni mwake ziliingia mboga tu, tena za msimu. Na kilichoingia hakikutoka ila matumboni mwa watu. Boga lenyewe alilipika mchuzi, maganda akayakata membamba na kuyakaanga, mbegu akazitwanga ziwe kiungo cha majani ya boga lile lile. Kiporo cha maharagwe kilirudi mezani kesho yake na sura nyingine, hata mgeni asikitambue.

Friji hakuwa nayo. Chungu cha kiporo alikichemsha jioni, akakiweka ndani ya beseni la maji, na asubuhi akainama akanusa. Pua ilikuwa hakimu, na hukumu yake haikukatiwa rufaa.

Mwezi uliotangulia, mafua yalimlaza wiki nzima. Yalipoondoka, yaliondoka na harufu zote. Alilijua hilo siku alipokuwa akichambua mchele, amelipa jiko kisogo, mumewe akaja mbio kutoka uani akiuliza ni nini kinachoungua. Kilikuwa kitunguu, kimekwisha kuwa mkaa. Akasema amesahau. Tangu hapo alikuwa akiinamia chungu kila asubuhi kwa mazoea tu. Ni kama aliyenusa ukuta. Hakumwambia mtu. Mpishi wa viporo asiye na pua ni mpishi gani? Jibu alilijua, ndiyo maana hakuuliza.

Maharagwe ya Jumapili hiyo yalikuwa ya Ijumaa. Aliyatazama: hayana povu, hayana utelezi. Akaonja: yana uchachu kidogo. Lakini jana yake aliyakamulia ndimu, basi akaisingizia ndimu. Akatia boga na majani machanga, akapakua juu ya wali.

“Shemeji,” kinyozi alisema akivuta sahani, “mbuzi akihamia nyumba hii atakufa njaa. Maganda yote tunayamaliza sisi.”

“Akikuona wewe na ndevu hizo atajua amefika kwao. Kinyozi gani hajinyoi?”

“Mganga hajigangi, shemeji!”

Wakacheka, wakatia tonge. Kicheko kikakatika.

Katika nyumba hiyo hapakuwahi kutokea mtu akakitoa kasoro chakula cha mwenye nyumba. Mkamwana ndiye aliyeinuka kwanza, kiganja mdomoni. “Samahani, mama. Ni hii hali yangu.” Dereva akamfuata mkewe, eti kumwangalia. Kinyozi akautazama mkono wake, ambao haukuwa na saa.

“Lo! Nimemwacha mteja kwenye kiti, kichwa nusu.”

“Jumapili hii?”

“Ana harusi, shemeji.”

Akatoka. Sahani yake ilibaki imejaa. Naye ndiye yule aliyezoea kukwangua ukoko wa chungu kwa kucha.

Bibi Maganda akaitazama sahani ile. Kando yake mumewe alikuwa akila taratibu, tonge juu ya tonge, kama apangaye matofali.

“Mzee, kimechacha?”

“Kula, mama.”

“Nimekuuliza.”

Mwashi akameza. “Kimechacha.”

“Nawe unakula?”

“Nikiacha na mimi, utakuwa umempikia nani?”

Mkewe akamshika mkono tonge lisifike mdomoni. “Tangu lini unajua?”

“Tangu kile kitunguu. Nikajisemea pua itarudi.”

Kabla jua halijatua, mwashi alikuwa amejikunja kitandani, akishikilia tumbo na kudai ni gesi tu. Mkewe akarudi jikoni. Akafungua kopo la maganda makavu, akanusa. Akafungua chupa ya achari, akanusa. Akafunua sufuria ya supu ya mashina ya mchicha, akaingiza uso mpaka mvuke ukamlowesha kope. Hakuna kilichomjibu. Akavibeba kimoja kimoja mpaka shimo la taka, akamwaga.

“Achari hiyo nzima, mama!” mumewe aliita dirishani.

“Huenda ni nzima. Nani ataniambia?”

“Mimi.”

“Wewe huniambii. Wewe unakula.”

Mwashi akarudi kitandani.

Katikati ya juma mwana wao alipiga simu. “Mama, umetupikia vya kutosha. Pumzika sasa. Jumapili sisi tutakula huku kwetu.” Sauti yake ilikuwa ya upole mno, na upole huo haukumwachia mama pa kubishia. Akasema ahsante.

Jumapili, tarehe 23 Juni, alipika kipande cha boga, akatupa maganda yake, na kilichobaki chunguni akakimwaga kingali moto. Kinyozi hakutokea. Kati ya wale watano, walioketi kula walikuwa wawili: mwashi mstaafu na mkewe.