Sogeeni Karibu

Kwenye kikundi chao cha maigizo walimwita Kinanda, kwa sababu ya sauti. Kisha uvimbe ukaota kooni, akapasuliwa, na kilichobaki kikawa mnong'ono tu. Wenzake wakamhurumia, wakampa kazi ya kukunja mapazia. Alivumilia msimu mmoja, akaenda kujiandikisha chuo kikuu kusomea nadharia ya sanaa za maonyesho.

Wifi yake, aliyekuwa akiishi naye, alicheka mpaka akashika ubavu.

"Yaani wifi, kuigiza kumekushinda, sasa unakwenda kuwasoma wanaoigiza?"

"Nakwenda kujua kwa nini wanatazamwa. Na wewe utapika."

"Haya, mheshimiwa!"

Insha yake ya kwanza ilirudi imejaa wino mwekundu. Mhadhiri, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimwita ofisini.

"Dada yangu, umeniandikia kumbukumbu tamu. Hoja iko wapi? Mtazamaji ana kazi gani pale ukumbini? Hujaniambia."

Maneno yalimchoma, maana yalikuwa kweli. Alirudi nyumbani, akaifuta yote, akaanza upya. Tangu siku hiyo alibishana na vitabu huku akimenya viazi, na wifi akawa anadakia: "Huyo naye anazunguka tu! Aseme anachotaka!"

Polepole hoja ikajitokeza: sauti si ya mwigizaji peke yake. Anayesikiliza naye huitengeneza, kwa kunyamaza, kwa kuinamisha kichwa, kwa kusogea. Akaijengea tasnifu nzima.

Siku ya kuitetea, fundi mitambo alimletea kipaza sauti. Akakisukuma pembeni, akaanza kunong'ona.

"Hatusikii!" alisema mtahini mmoja kutoka upande wa pili wa ukumbi.

"Najua. Sogeeni karibu."

Hakurudia wala hakuomba radhi. Mwishowe mhadhiri wake akabeba kiti chake, akaja kuketi mbele yake. Wengine wakafuata, viti vikiburuzwa sakafuni kwa kelele. Ila yule mtahini alibaki kitini kwake, mikono kifuani.

Alipomaliza, mtahini akauliza kwa sauti kubwa, "Na mimi niliyekataa kusogea, nadharia yako inaniweka wapi?"

"Bado sijui," alinong'ona. Mtahini hakusikia kutoka kule alikokaa, ikabidi mhadhiri amrudie jibu hilo kwa sauti.

Walimpitisha kwa sharti la kuongeza sura moja, juu ya mtazamaji anayekataa. Wifi aliposikia, aliwaka.

"Watu gani hawa? Si wangekupa tu!"

"Swali lake ni zuri, wifi. Limenikaa kichwani."

Sura ile ilimtesa kuliko tasnifu nzima. Aliiandika, akaichana, akaiandika tena, hadi mtahini yuleyule akatia sahihi bila neno. Sasa anawafundisha wa mwaka wa kwanza, na ameomba nafasi ya shahada ya juu. Mada yake ni watu wanaokataa kusogea.