Nyuzi Zisizoimba

Jirani yangu alivuta nyaya za simu kwa miaka thelathini, akipanda nguzo mvua na jua. Alipostaafu, miguu ilikataa kutulia. Akaanza kuunda ndege ndogo za mbao, zile za kizamani zenye bawa la juu na la chini, yakishikiliwa kwa nyuzi.

Siku hiyo bintiye, mwalimu, angeijia ndege ya tatu saa nne asubuhi, aipeleke darasani. Mbili za kwanza ziliharibika mabawa, kwa sababu mzee alikaza nyuzi kama alivyokaza nyaya: mpaka ziimbe. Nilimkuta akizunguka meza, anakaa, anasimama, uzi kaubana kwa meno.

“Mume wangu, hiyo si nguzo,” mkewe alisema kutoka kwenye cherehani yake. “Ukivuta hivyo itaruka upande kama kaa.”

“Uzi uliolegea ni aibu ya fundi.”

“Na bawa lililopinda?”

Akavuta. Bawa la juu likainua ncha taratibu, sote tukiliona. Saa tatu ilikuwa imepita. Mzee akazikata nyuzi zote, akamsogezea mkewe kiti.

Mama alifunga nyuzi kumi na mbili kwa zamu, kushoto kisha kulia, kila uzi ukinyooka tu.

“Kaza kidogo,” mzee alisihi, mikono mfukoni.

“Kafungue mlango, mwanao anabisha.”

Alikwenda, lakini njiani aligeuka mara tatu kuyatazama mabawa. Mara zote yalikuwa yamenyooka.