Chui wa Kufugwa

Usiku wa kuamkia Ijumaa sikupata usingizi, na sababu ni jina. Nassor, mtoto wa ami yangu, alikuwa amefungua kundi la familia kwenye simu ili tupange safari ya kupiga kambi, akaliita "Wafuga Chui". Watu wakatuma vicheko. Mimi nikalala chali nikijiuliza jambo moja kwa namna mia: mtu akikukabidhi aibu yake nawe ukaimwaga mbele za watu, utaifutaje bila ya kuimwaga mara ya pili?

Asubuhi fundi wa jirani akaanza kukata mbao kwa msumeno wa mkono. Khrr, khrr, kisha kimya, kisha tena. Huenda hujui kwamba chui hulia hivyo hivyo. Mimi nilijua nikiwa na miaka tisa.

Mwaka ule Ami Said, kaka yake baba, alikodi karavani, gari jeupe kama basi dogo, lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Tukaondoka sote Matrah, mji wa Kiarabu tunaoishi: Ami, mkewe, watoto wao, mimi na Bibi. Mle ndani mlinuka plastiki mpya na gesi, na baada ya muda mkanuka chapati za Bibi, ambaye hakuamini chakula kisichotoka kwenye kikapu chake. Alipapasa makabati, akafungua bomba, akafunga, akacheka peke yake.

"Nyumba ya magurudumu! Ukikosana na majirani unaondoka nayo, huachi hata sufuria."

Tulicheka naye. Nilidhani ni utani tu.

Tulikwenda kulala pembeni mwa shamba moja nje ya mji, ambako walitunzwa simba, duma na chui waliookolewa kutoka majumbani mwa watu. Mtunzaji aliyetupokea alikuwa Mkenya, jina lake Barasa, na kusikia kwake Kiswahili chetu kulimfanya atabasamu mpaka masikioni.

"Karibu sana, nyanya," alimwambia Bibi.

Kwao nyanya ni bibi, lakini sisi nyumbani tukisikia nyanya tunafikiria tungule za mchuzi. Ami aliangua kicheko. "Mama, umekuwa tungule!"

"Basi tungule iliyokauka," Bibi akajibu. "Mchuzi wake hautoshi hata paka."

Barasa akatupeleka mpaka kizimba cha mwisho. Chui alikuwa amelala juu ya ubao, mkia unaning'inia, mguu mmoja umepinda. Hakututazama.

"Huyu ni wa kufugwa," Barasa alisema. "Alilelewa kwa nyumba ya watu tangu akiwa mdogo. Walipomchoka, wakamtupa."

Bibi alirudi nyuma hatua mbili, akanishika mkono kwa nguvu. "Wa kufugwa? Na nani?"

"Tajiri fulani tu, nyanya."

Midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa akisoma dua kimyakimya.

Alasiri, wengine wakichoma mishkaki, mimi na yeye tulikaa kwenye ngazi ya karavani. Nilikuwa mtoto wa khofu, na nilimwuliza mara kumi kwa nini ameshtuka, mpaka akachoka kunikwepa. Akaniambia kwamba kijijini kwao, Unguja, chui wa kufugwa hakuwa mnyama wa kuonewa huruma. Alikuwa chui wa mchawi, anayetumwa kwa watu. Baba yake alikuwa na duka dogo. Mbuzi wa jirani aliliwa na chui, kisha mtoto wa jirani akaumwa, na mtu mmoja akasema chui yule ni wa mwenye duka. Hakuna aliyempiga. Waliacha tu kuja. Mama yake alipofariki, waliofika kuzika hawakutimia safu moja. Mwishowe wakahama, wakaacha mpaka sufuria.

"Nnakwambia mbele ya Mungu," alisema, "babangu hakufuga hata paka. Na hili hata ami yako halijui. Lishike wewe."

Nikalishika. Kwa muda wa saa mbili hivi.

Jioni, familia moja kutoka Bustan iliyoegesha karibu nasi ilikuja kula pamoja nasi. Mtoto wao akajigamba kwamba mjomba wake wa Qurum aliwahi kumficha mtoto wa simba bafuni. Macho yote yakamgeukia. Mimi sikuwa mtoto wa kutazamwa, na labda ndiyo maana nikaisikia sauti yangu ikisema: "Baba yake Bibi alifuga chui mzima, Unguja!"

Watoto wakapiga makofi. "Mama, na hukutwambia!" Ami alicheka. Yeye amezaliwa hapa Matrah, si Unguja. Kwake chui wa kufugwa ni chui anayenyonya chupa. Lakini babu wa familia ile aliweka kikombe chake chini. Aliuliza ni kijiji gani, na Ami, bado anacheka, akakitaja. Yule mzee akamtazama Bibi.

"Aa," alisema taratibu. "Kumbe nyinyi ndio wale."

Alinyoosha mkono tu, akamvuta mjukuu wake karibu naye. Bibi alikuwa na kipande cha mkate mkononi. Alikirudisha kwenye sahani.

Usiku chui alilia, khrr, khrr. Kitandani chini yangu nilisikia punje za tasbihi. Nilitaka kushuka niombe radhi, lakini sikujua kosa lenyewe hasa ni lipi, nikaogopa kuomba vibaya. Asubuhi Bibi alimwambia Ami amrudishe nyumbani kabla ya chai. Ami alidhani ni mgongo.

Hakunigombeza hata siku moja. Lakini kila nilipomwuliza habari za Unguja alijibu, "Nimesahau, mwanangu." Alisahau kwa miaka miwili, kisha akafariki.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu niliposoma habari za watu waliosusiwa na kijiji kizima kwa neno lile lile, chui wa kufugwa. Nikafunga kitabu. Miaka yote nilijilaumu kwa kutoa siri. Kumbe sikutoa siri, nilitoa ushahidi, tena wa uongo: mbele ya mtu aliyetoka kule, mjukuu wa damu alikuwa amekiri kwa niaba ya ukoo. Ndipo nilipoelewa pia ile nyumba ya magurudumu.

Ijumaa ile, msumeno ukiendelea, nilimpigia Ami. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi; sikusoma hata moja. Nilimwambia yote, tangu ngazi ya karavani mpaka kikombe cha yule mzee.

"Ndiyo maana alitaka kurudi," alisema. "Na mimi nikamnunulia dawa ya mgongo."

Nikamwuliza niandike kwenye kundi au ninyamaze, nikaanza kumpa sababu za huku na za huku. Akanikatiza.

"Mwanangu, lile la uongo ulipolisema hukuniuliza."

Niliandika kabla ya sala ya Ijumaa. Nikafuta, nikaandika tena: duka, mbuzi, mazishi yasiyotimia safu, na nani aliyesema uongo mbele ya wageni. Nikaondoa jina la kundi, nikaweka la yule mwenye duka, Khalfan. Sentensi ya mwisho haikuwa yangu, nikaituma kama nilivyokabidhiwa: Babangu hakufuga hata paka.