Vidude Viwili vya Redio ya Baba

Ilikuwa harufu ya plastiki mpya iliyonirudisha nyumbani kwa baba. Juzi, katika soko la Nyakasanza, nilimsindikiza mjukuu wangu kununua ekuteri, zile za kutia masikioni, ili asikilize nyimbo za simu yake. Alijaribu hizi, akajaribu zile: hizi zinabana, zile zinaanguka, nyingine besi haisikiki. Muuzaji alichoka. Mimi nilicheka peke yangu, kwa maana, ndugu wasomaji, hata mimi niliwahi kuteswa na uchaguzi huo.

Baba alikuwa na redio ndogo. Mawe yake, ndivyo tulivyoita betri, yaliisha upesi, tukawa tunayaanika juani kando ya mihogo. Baba akasikia kwamba ukisikiliza kwa kidude cha sikio mawe hudumu. Akamwagiza mjomba, aliyefanya biashara ya samaki Kasenyi, kando ya ziwa. Mjomba akaja na viwili kutoka Uganda, ng'ambo ya ziwa, yeye na mfuko wake wakinuka samaki wa moshi.

"Muchague kimoja," alisema. "Kingine iko na mwenyewe kule chini, Kasenyi."

Kimoja kilikuwa na mpira mwororo, kikaingia na kuziba sikio kabisa. Kingine kilikuwa kigumu, kikakaa mlangoni mwa sikio tu. Nilivijaribu Jumamosi mchana, saa ya nyimbo za kwaya. Kwa kile cha mpira nilisikia hata sauti ya pili ikitembea chini ya sauti ya kwanza. Kwa kile kigumu nilisikia ya kwanza tu, nyembamba kama nyuki ndani ya chupa.

Nami niliihitaji ile ya pili. Mwalimu wa kwaya alikuwa ametuambia sisi wasichana wapya kwamba atakayeishika kabla ya Pasaka ataimba na wakubwa, na atakayeshindwa atarudishwa kwa watoto. Mimi nilikuwa mrefu kuliko watoto wote. Aibu hiyo ilininyima usingizi.

Baba hakuuliza habari za kwaya. Alitia kila kidude sikioni redio ikiwa imezimwa, mama akiita kutoka zizini. Kwa kile cha mpira hakusikia kitu.

"Muzazi anaita, mutoto haitike? Hapana. Hiki kirudi Kasenyi."

"Lakini baba, hiki ndicho kinaimba muzuri!"

"Weye unachunga ndama. Ndama haingojee wimbo iishe."

Mjomba akacheka. "Usilie, mwipwa. Samaki hawana masikio hata moja, na wananenepa."

Mama, aliyekuwa amekuja kuona, alinitazama kidogo, kisha akarudi zizini.

Jumamosi iliyofuata nilikaa nyuma ya jikoni na kidude kigumu, nimenuna, nikiimba sauti ya kwanza pamoja na redio. Upande wa pili wa ukuta mama alikuwa ameanza kutikisa kibuyu cha maziwa ili atoe siagi. Mara sauti ya pili ikaja, nene, tulivu, ikiifuata ya kwanza neno kwa neno. Nikamshukuru Mungu kwa kukiponya kidude. Lakini niliponyamaza na kukitoa ili nikipanguse, sauti ya kwanza ilinyamaza na ya pili ikaendelea. Ilitoka jikoni. Sikuwa nimejua kwamba kabla ya kuolewa mama aliimba kwaya. Nikakirudisha kidude upesi, nikaimba naye mpaka wimbo ukaisha.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Shangazi alimtania mama: "Siagi gani hii inamwagika kama uji? Nani anatikisa maziwa saa ya jua kali?"

"Asubuhi nilikuwa na kazi," mama alijibu, akicheka.

Pasaka niliimba katika mstari wa wakubwa. Baba aliniambia, kwa furaha kubwa, kwamba hayo ndiyo matunda ya mtoto kumsikia mzazi wake.

Nilipoolewa nikapewa kibuyu changu. Hapo ndipo mikono yangu ilipojifunza kwamba siagi hushikana alfajiri, kungali baridi. Mchana huyeyuka, na kazi yote hupotea. Nilikiweka kibuyu chini, nikaketi. Hakukuwa na kazi nyingine zile asubuhi. Mama alikuwa akiyaweka maziwa mpaka redio iimbe.

Mungu alikuwa bado amenihifadhia mama. Nilikwenda kwake, kijijini Shari, nikamshukuru. Alishika mkono wangu, akasema kwamba katika kwaya yao yeye alikuwa akichelewa kuingia kwenye kiitikio, na kwamba mimi, kule nyuma ya jikoni, sikuchelewa hata mara moja.