Dushe ya Mama Mkwe

Nyumba yangu iko juu, kwenye mwinuko wa mlima. Anayefika Kalundu kwa mashua anaiona kabla ya kuona kanisa. Niliijenga mwenyewe. Shule niliiacha darasa la tatu, nikabeba magunia ya mchele wa Bwegera pale bandarini mpaka nikafungua duka langu la mabati na saruji. Sijisifu. Nasema jinsi ilivyo.

Chini yangu, karibu na barabara, amejenga mume wa mdogo wa bibi yangu; kwetu bibi ni mke. Nyumba fupi, rangi ya kawaida. Aliponunua kile kiwanja nilicheka mpaka machozi.

"Weye utaishi mu shimo, minye nikuangalie juu ya kichwa?"

"Angalia tu, yaya," akajibu, akiniita kaka mkubwa kama kawaida. "Kuangalia ni bure."

Basi mama mkwe wetu akashuka kutoka Rurambo kutibiwa magoti. Mabinti wawili, nyumba mbili, mama mmoja. Alale wapi? Nilipambana mpaka akalala kwangu, maana anayemlaza mama ndiye mkwe mkubwa, na mji mzima unajua. Nikatengeneza bafu: vigae vyeupe, robine, bomba lenye shingo ndefu, na dushe ya kumwagia maji kichwani, pana kama ungo, inayong'aa, niliyoifuata mwenyewe Bujumbura. Tanki la maji nililiweka karibu na geti, juu ya matofali machache, ili wapita njia walione.

Kwetu mkwe hasemezani na mama mkwe hivihivi. Maneno yanapitia kwa binti. Kila jioni bibi yangu aliniletea salamu: "Mama anasema asante, ameoga vizuri." Nikavimba kama andazi kwenye mafuta.

Lakini mama akaanza kushuka kila alasiri kwenda "kumsalimia yule mdogo". Kitenge begani, sabuni mkononi. Nani anasalimia watu kwa sabuni? Kutoka barazani kwangu naona uwanja wao wote. Nikasikia maji nyuma ya mabati, mwaaa, kama mvua iliyokasirika, na ndani yake mama anaimba. Kwangu hakuwahi kuimba. Siku ile ndagala, visamaki vyetu vya ziwani, zilinishinda kumeza, na mimi ndagala hazijawahi kunishinda.

Nikamuuliza bibi, "Mama yako anapata nini kule?"

"Maji."

"Hapa maji hakuna?"

"Iko. Ila inatoka kama machozi ya mutu anayelia kwa uongo."

"Na zile asante za kila siku?"

"Ulitaka mama amuambie mukwe wake kwamba dushe yake ni mubaya? Uliona wapi?"

Nikaingia bafuni, nikafungua. Ungo wangu mzuri ukatoa matone pembeni, moja hapa, moja kule, kama unanihurumia. Nikashuka chini kwa yule bwana bila hata kuvaa viatu vizuri.

Akanionyesha dushe yake. Ndogo kama ngumi, ya plastiki, zile ninazouza dukani kwa watu wasiotaka gharama. Akafungua. Maji yakausukuma mkono wangu. Ndugu zangu, niliionea wivu plastiki.

"Sikia, yaya," akasema, na nikaona anavyofurahia. "Tanki ya muji iko huko mlimani. Mpaka ifike kwangu, maji imeshuka sana, iko na nguvu. Nyumba yako iko karibu sawa na hiyo tanki, sasa maji itakusukuma na nini? Na tanki yako ya getini, umeiweka chini kuliko dushe yenyewe. Maji itaruka?"

"Lakini dushe yangu ni ya bei."

"Ni ya bei, ndiyo. Iko na midomo mingi. Maji kidogo ukiigawia midomo mia, kila mudomo unalamba tu."

"Ulijua yote hayo ukanyamaza?"

"Uliniuliza? Si ulikuwa unaniangalia juu ya kichwa?"

Nikaondoka bila kuaga. Wiki hiyohiyo nikasimamisha mnara wa chuma, tanki likapanda juu kupita paa langu, likawa linajazwa usiku kwa pampu ndogo maji yakija. Ungo nikaung'oa, nikafunga moja ya plastiki kama ngumi, ya dukani kwangu. Sasa naweza kufundisha: kabla hujanunua dushe, fungua robine juu ya ndoo uone inajaa kwa haraka gani, kisha tazama tanki lako liko juu ya kichwa chako kwa kiasi gani. Uzuri wa dukani hausukumi maji.

Alasiri mama hakushuka. Nikasikia mwaaa kwenye vigae vyangu, na mama akaimba, wimbo wote. Bibi akaja barazani na salamu.

"Mama anasema sasa ameoga kweli. Anaomba Mungu amubariki sana mume wa mudogo wangu."

"Yeye? Tanki ni la nani? Mnara ni wa nani?"

"Si yeye ndiye alikuonyesha? Mudogo wangu amemusimulia mama yote."

Ningefanya nini? Kumjibu mama mkwe siwezi. Nikakaa barazani, maji yangu yakimwagika kwa nguvu nyuma yangu, nikimtazama yule bwana chini uwanjani kwake. Amenyoosha miguu, anatafuna muwa, amebarikiwa.