Barafu Isiyozamisha

Maude Gauvreau hajui kutulia. Nimefanya naye kazi miaka mitatu, mimi nikitunga muziki wa gemu lake, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha kahawa akiwa amekaa. Anakula huku akizunguka meza. Anaongea na simu akipanda na kushuka ngazi za nje za nyumba yake, pale mtaani Rosemont, Montreal, hata theluji ikiwa imezijaa. Majirani wanamwita pangaboi. Mimi namwita majina mengine, hayaandikiki.

Gemu lenyewe ni hili: unaendesha pikapu juu ya ziwa lililoganda, mwezi wa Machi, barafu imeanza kuchoka. Unaisikiliza inavyolia chini ya magurudumu, unaamua upite wapi. Ukikosea, unazama. Na ukizama umezama. Gemu linalifungia jina lako mpaka kesho yake. Mjomba wake Maude, Réjean, alizama hivyo hivyo kwenye ziwa la Lac Saint-Jean, Maude akiwa na miaka kumi na moja, anamwangalia kutoka ufukweni. "Yeye hakupewa maisha matatu," aliniambia siku nilipomshauri alegeze kidogo. Nikarudi kwenye muziki wangu.

Tabu ni kwamba gemu halikujulikana. Waliobonyeza kitufe dukani mtandaoni kusema wanalisubiri walikuwa mia tatu na kumi na wawili, nusu yao jamaa zake wa kule ziwani. Akiba ilikuwa imekwisha. Kampuni moja kubwa ya hapa Montreal ilikuwa imemwita akachore viatu vya wanajeshi wa magemu yao. Viatu tu! Walitaka jibu Jumatatu. Kwa hiyo maonyesho ya magemu ya Jumamosi ndiyo yalikuwa bahati yake ya mwisho: ama apate mtu wa kumtangaza, ama akachore viatu.

Sisi watengeneza magemu madogo tuna mwiko mmoja mezani. Mgeni akicheza, wewe uliyetengeneza unafunga mdomo. Humsaidii, humwelezi, humwombi radhi. Unasimama nyuma yake, mikono mgongoni, unatazama anakwama wapi. Kwa Maude hiyo ni adhabu ya jela. Asubuhi ile alisimama akibadilisha mguu huu na huu mpaka nikaona kizunguzungu.

Lakini watu walikuja. Tena walipanga foleni, jambo ambalo halijawahi kututokea. Kijana mmoja mwenye kofia ya sufu alizama, pikapu ikaibuka majini kama chupa tupu, akacheka, akaendelea. Aliyemfuata naye hivyo hivyo.

Maude akanivuta shati. "Wilner, mbona hafi mtu?"

Akakumbuka mwenyewe kabla sijajibu. Alhamisi alikuwa amewasha ile hali ya kutokufa, ili aijaribu ng'ambo ya ziwa bila kuzama kila mara. Hakuna mtu wa kazi hii ambaye hajawahi kuisahau. Ila wengine huisahau nyumbani kwao.

"Nazima sasa hivi," akasema.

"Thubutu! Huoni foleni hiyo?"

"Wanacheza uchafu."

"Wanacheka, dada! Mara ya mwisho mtu kucheka mezani kwetu ilikuwa lini?"

Tukiwa bado tunavutana, akaketi Josiane Pelchat. Huyu mama hucheza magemu madogo mbele ya kamera, watu laki tatu wakimtazama. Akilisifu gemu leo, kesho lina wanunuzi tele. Alicheza dakika arobaini. Alizama mara tisa, na mara tisa akaibuka akicheka.

"Tamu hili!" akasema akivua hedifoni. "Linapumzisha roho kweli kweli. Jumanne nalionyesha. Nitumieni."

Nilimbana Maude mkono, nikimwomba Mungu amzibe mdomo. Wapi!

"Hilo si gemu langu," Maude akasema. "Nilisahau kuzima kitu. Langu linaua."

Jamani, nilitamani nimnyonge.

Josiane akamtazama, kisha akavaa tena hedifoni. "Haya. Lizime hilo likitu lako, tuone."

Alidumu dakika nne. Alizama karibu na kisiwa, muziki wangu ukakatika, yakabaki maji tu, halafu kioo cheusi na neno moja: Kesho. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale.

"Rudisha," akasema.

"Halirudi. Mpaka kesho."

"Kesho si hamko hapa?"

"Hatuko."

"Yaani umeniweka kwenye kiti unifukuze?"

"Ndivyo lilivyo, mama."

Akaondoka bila kuaga, hata kadi yetu hakuichukua.

Kwenye metro, treni ya chini ya ardhi, nilimsema kuanzia tulipopanda mpaka tulipofika. "Riziki imekuja na miguu yake, wewe unaipiga teke! Una akili wewe?" Maude alikuwa analia, hajifuti. "Angelionyesha lile lisiloua," akasema, "ningelazimika kulitengeneza lile lile maisha yangu yote. Mjomba anaibuka, watu wanacheka." Hasira zangu hazikuisha, nisiseme uongo.

Jumatatu akaenda kwenye viatu.

Wiki tatu zikapita, kimya. Mia tatu na kumi na wawili wetu hawakuongezeka hata mmoja. Alichora buti asubuhi, buti mchana. Aliniambia ameanza kuziona usingizini. Mimi nikatafuta kazi ya kupigia watu muziki wa matangazo.

Jumatano moja saa za chakula akanipigia kutoka ngazi za ofisini, pumzi juu juu. Josiane ameandika, kupitia ukurasa wetu wa duka la mtandaoni. Akanisomea: "Bado sijatoka chini ya ile barafu yako. Hakuna gemu lililowahi kunikasirisha hivi. Nitumie lile linaloua. Nataka nife mbele ya watazamaji wangu wote."

Nikapiga ukelele mpaka mbwa wa jirani akaitikia. "Umemjibu?"

"Bado. Kwanza nimemwandikia bosi kwamba naacha kazi."

"We mwanamke! Si ungesubiri kwanza alionyeshe? Na watu wake wakilikataa?"

"Basi watakuwa wamelikataa langu," akasema, akakata simu.